Kuzoeza mikono kwenye gitaa: kutoka kukandamiza uzi hadi kuupinda

Mkono hujifunza chochote unachokirudia, kosa likiwemo. Anayepita mahali pagumu mara ishirini kwa kasi huku akikwama kila mara, amefanya mazoezi ishirini ya kukwama. Kwa hiyo kila mbinu hapa inaelezwa kwa upande wake wa kimwili: kidole kikae wapi, kisogee kiasi gani, sauti ikiharibika chanzo ni nini, na uanze kwa mwendo upi. Maelezo ni ya anayedonoa kwa mkono wa kulia; anayetumia kushoto ageuze tu.

Nyuzi zinahesabiwa kuanzia chini: uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko zote, wa 6 ndio mnene. Vidole vya mkono wa kushoto ni 1 (shahada), 2 (cha kati), 3 (cha pete) na 4 (cha mwisho). Freti ni vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, navyo vinahesabiwa kuanzia kichwa cha gitaa.

Kagua gitaa kabla ya kuulaumu mkono

Wanaoanza wengi hukata tamaa kwa sababu ya gitaa lenye nyuzi zilizo juu mno. Chukua rula, pima nafasi kati ya mgongo wa freti ya 12 na upande wa chini wa uzi. Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, takriban milimita 2 kwenye uzi wa 1 na 2.5 kwenye uzi wa 6 ni kiasi kizuri. Gitaa la nyuzi za nailoni hukaa juu zaidi, karibu milimita 3 na 4. La umeme hukaa chini, milimita 1.5 hadi 2.

Kisha kagua upande wa kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapopita kwenye kipande chenye mifereji sita. Kandamiza uzi kwenye freti ya 3 na utazame freti ya 1: kati ya uzi na freti ibaki nafasi ya karatasi nyembamba tu. Ikiwa nafasi ni kubwa, mifereji haikuchimbwa vya kutosha, na kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) kama F itakutesa hata ukiwa na mkono wa chuma. Hiyo ni kazi ya fundi, tena ndogo. Mpelekee kabla hujaanza kujilaumu.

Gitaa la nailoni lisifungwe nyuzi za chuma kamwe. Seti ya kawaida ya nailoni huvuta kwa jumla karibu kilo 40. Ya chuma yenye uzi wa 1 wa unene wa inchi 0.012 huvuta zaidi ya kilo 70. Daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) lililogundishwa mbaoni huanza kung'oka, au ubao wa juu huvimba. Kwa gitaa kavu la chuma, vidole vigeni vitashukuru vikianza na seti ya 0.010 au 0.011.

Kutyuni (kuweka kila uzi kwenye sauti yake) hufuata mpangilio uleule: E A D G B E kutoka uzi wa 6 hadi wa 1. Tumia tyuna (kifaa kinachoonyesha sauti ya uzi) au programu ya simu, lakini jifunze pia kwa sikio. Uzi wa 6 ukikandamizwa freti ya 5 ulie sawa na uzi wa 5 ulio wazi (usiokandamizwa); endelea hivyo kwa kila uzi, isipokuwa uzi wa 3, ambao unakandamizwa freti ya 4 ili kupata sauti ya uzi wa 2. Kila mara fika kwenye noti (sauti unayoitafuta) ukitokea chini. Ukipita juu, legeza hadi chini yake kisha kaza tena, maana meno ya kikazio (kile unachozungusha kukaza uzi) yana ulegevu kidogo, na uzi uliosimamishwa wakati wa kulegeza utashuka wenyewe baada ya dakika chache.

Hatua ya 1: kukandamiza kwa nguvu ndogo iwezekanayo

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Kichwa cha gitaa kiwe juu kidogo kuliko mwili wake, na mkono wa kulia ulalie juu ya mwili wa gitaa ili lisimame bila kushikwa na mkono wa kushoto. Jaribu: achia kabisa mkono wa kushoto. Gitaa likiyumba, rekebisha mkao kwanza, kwa sababu mkono unaobeba shingo hauwezi kuhama kwa uhuru.

Gumba likae nyuma ya shingo, takriban mkabala na kidole cha 2. Vidole vijikunje, ncha zishuke wima juu ya uzi, kucha za mkono huu ziwe fupi kabisa. Kidole kikae nyuma tu ya freti, upande wa kichwa cha gitaa, karibu kuigusa. Ukikandamiza katikati ya nafasi iliyo kati ya freti mbili, uzi utataka nguvu zaidi na utakoroma. Ukipanda juu ya freti yenyewe, sauti itazibwa.

Zoezi la kwanza halihitaji wimbo. Weka kidole cha 1 kwenye uzi wa 3, freti ya 5, bila kukandamiza, na donoa mfululizo kwa mkono wa kulia. Utasikia mlio mfu. Ongeza nguvu polepole: mlio utakuwa wa kukoroma, kisha safi. Simama hapohapo ulipokuwa safi. Nguvu hiyo ndiyo inayotakiwa, na karibu kila mtu hushangaa ilivyo ndogo. Rudia kwa kila kidole. Uchovu wa gumba baada ya dakika kumi maana yake unabana kupita kiasi.

Kisha fanya zoezi la vidole vinne: kwenye uzi wa 6 piga freti ya 5, 6, 7, 8 kwa vidole 1, 2, 3, 4, halafu hamia uzi wa 5, na kuendelea hadi uzi wa 1. Metronomu (kifaa kinachotoa mapigo sawasawa) iwe kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Kidole kilichokwisha kukandamiza kibaki chini hadi uhamie uzi mwingine, na kidole kinachosubiri kisipae zaidi ya sentimita moja juu ya uzi. Kidole cha 4 ndicho kitakachoruka mbali. Usikilazimishe kwa kukikaza. Punguza mwendo mpaka kiweze kukaa karibu kwa hiari.

Hatua ya 2: kodi na kubadilisha kodi

Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja. Nane zinatosha kuanzia: Em, E, Am, A, C, G, D na Dm. Kila unapopanga kodi mpya, donoa uzi mmoja mmoja ukisikiliza. Uzi ukiwa mfu, chanzo ni kimoja kati ya vitatu: kidole kiko mbali na freti, kidole cha jirani kimelala na kuugusa uzi huo, au nguvu haitoshi. Kagua kwa mpangilio huo, kwani la tatu ndilo hutokea kwa nadra ingawa ndilo wengi hulikimbilia.

Kupanga kodi si shida kubwa. Shida ni kuhama. Tazama kwanza vidole ambavyo havihitaji kuhama. Kutoka Am kwenda C, kidole cha 1 kinabaki uzi wa 2 freti ya 1, cha 2 kinabaki uzi wa 4 freti ya 2. Kinachohama ni cha 3 peke yake, kutoka uzi wa 3 freti ya 2 hadi uzi wa 5 freti ya 3. Kutoka E kwenda Am, umbo ni lilelile, linasogea uzi mmoja tu kuelekea chini. Na ukiipiga G kwa vidole vinne (kidole cha 2 uzi wa 6 freti ya 3, cha 1 uzi wa 5 freti ya 2, cha 3 uzi wa 2 freti ya 3, cha 4 uzi wa 1 freti ya 3), basi ukienda D kidole cha 3 hakiondoki kabisa, kwa sababu D nayo inakitaka palepale.

Zoezi lake ni hili. Weka saa ya dakika moja. Badilisha kati ya kodi mbili, ukicharaza (kupitisha mkono juu ya nyuzi kwa pamoja) mara moja kila unapofika, na uhesabu mabadiliko. Andika idadi. Mabadiliko 60 kwa dakika yanatosha kwa nyimbo nyingi. Ukiwa chini ya 20, acha kuhesabu, fanya badala yake zoezi la kunyanyua: panga kodi, inua vidole vyote kwa pamoja nusu sentimita, vishushe kwa pamoja katika umbo lilelile, mara kumi. Tatizo la anayechelewa huwa ni vidole kushuka kimoja kimoja, na kwa kawaida huanza na uzi mwembamba wakati mkono wa kulia huanza na mnene. Kama lazima kidole kimoja kitangulie, kiwe cha uzi mnene.

Hatua ya 3: kucharaza

Hapa ndipo rithimu inapozaliwa au kufa. Mkono wa kulia usisimame. Unashuka kwenye namba na kupanda kwenye "na": 1 na 2 na 3 na 4 na. Mitindo yote ya kucharaza hutokana na mwendo huu mmoja usiokatika. Kinachobadilika ni lini piki (kipande chembamba cha kupigia nyuzi) inagusa nyuzi na lini inapita hewani.

Chukua mtindo unaosikika kila mahali: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Ukiuweka kwenye hesabu, unagusa nyuzi kwenye 1, kwenye 2, "na" ya 2, kisha kwenye 3 mkono unashuka bila kugusa kitu, halafu "na" ya 3, 4, na "na" ya 4. Wanaoukosea wengi husimamisha mkono kwenye 3, wakisubiri. Mapigo huanza kuyumba papo hapo, na kadiri wimbo unavyoenda ndivyo wanavyokimbia.

Jifunze hivi: ziba nyuzi zote kwa kuzilalia kidogo kwa mkono wa kushoto, metronomu 60, na ucharaze milio mfu tu, chini kwenye pigo na juu katikati yake, kwa dakika mbili. Kisha ondoa mguso wa 3. Kodi ziingie baada ya mkono kuzoea. Mwendo utoke zaidi kwenye kifundo cha mkono kuliko kwenye kiwiko, mlegevu, kama anayekung'uta maji vidoleni. Mkono ukipanda usipige nyuzi zote sita. Nyuzi tatu nyembamba zinatosha, na ukilazimisha zote piki itanasa.

Na kama kodi haijafika wakati mkono wa kulia unaihitaji? Charaza hivyo hivyo, hata zikilia nyuzi wazi. Mpangilio wa mapigo ukishakatika, msikilizaji hujua mara moja. Noti moja chafu hupita bila kuonekana.

Hatua ya 4: piki na kudonoa

Piki ishikwe kati ya gumba na ubavu wa shahada, ncha itokeze milimita 3 hadi 5. Ikitokeza zaidi, itapinda na kunasa. Kwa kucharaza, unene wa karibu milimita 0.5 hadi 0.7 ni laini na unasamehe. Kwa kupiga solo noti moja moja, chukua milimita 1 au zaidi, kwa kuwa piki laini hurudi kwa kuchelewa. Zoeza chini-juu-chini-juu kwenye uzi mmoja bila kubadili mpangilio, kisha kwenye zoezi la vidole vinne. Ugumu uko pale unapovuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, basi tenga hapo: noti ya mwisho ya uzi wa 3 na ya kwanza ya uzi wa 2, hizo mbili tu, mara nyingi.

Kudonoa kwa vidole kunaanza kwa mgawanyo wa kazi. Gumba linashika nyuzi za 6, 5 na 4; shahada uzi wa 3; kidole cha kati uzi wa 2; cha pete uzi wa 1. Panga Am, donoa gumba uzi wa 5, kisha shahada, kati, pete, kati, shahada. Hizo ni noti sita, zinazunguka. Ukihamia C, gumba linabaki uzi wa 5. Ukienda G linaenda wa 6, na D linaenda wa 4, kwa sababu besi (noti ya chini kabisa) ndiyo inayobeba jina la kodi. Gumba likae mbele ya shahada, kuelekea kichwa cha gitaa, vinginevyo vitagongana. Vidole vivute kuelekea kiganjani. Vikivuta kwenda juu, uzi hugonga freti na kutoa mlio wa kupasuka.

Hatua ya 5: kodi ya kulaza kidole (F na ndugu zake)

Mbinu hii ndiyo imewavunja moyo watu wengi kuliko nyingine yoyote, na mara nyingi ni kwa sababu wameambiwa wabane kwa nguvu. Hebu tuitazame F ilivyo. Kidole cha 1 kinalala freti ya 1 juu ya nyuzi zote, cha 2 kiko uzi wa 3 freti ya 2, cha 3 uzi wa 5 freti ya 3, cha 4 uzi wa 4 freti ya 3. Nyuzi za 5, 4 na 3 tayari zina wenyewe. Kwa hiyo kidole kilicholala kina kazi kwenye nyuzi tatu tu: ya 6, ya 2 na ya 1. Si lazima kibane sawasawa kote.

Anza freti ya 5, usianze freti ya 1. Karibu na kichwa cha gitaa uzi huwa mgumu kushuka, maana umeshikwa palepale kwenye mfereji wake. Tena kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 650, nafasi ya freti ya 1 ni karibu milimita 36, ya freti ya 5 ni karibu 29, kwa hiyo vidole havitanuki sana. Umbo lilelile la F likipigwa freti ya 5 linakuwa A.

Laza kidole cha 1 juu ya nyuzi mbili za kwanza tu, donoa, hakikisha zinalia. Ongeza uzi mmoja mmoja hadi sita. Kidole kigeuke kidogo, ubavu wake mgumu wa upande wa gumba ndio uguse nyuzi, kwa sababu upande wa kiganja una nyama laini na mikunjo. Mkunjo wa kiungo ukiangukia juu ya uzi, uzi huo hautalia hata ubane vipi. Sogeza kidole kizima milimita mbili juu au chini. Kisha tumia uzito wa mkono: shusha kiwiko karibu na mbavu, uvute mkono wote nyuma kidogo huku mkono wa kulia ukizuia mwili wa gitaa usisogee. Gumba lisaidie tu. Ili kuhakikisha, ondoa gumba kabisa kwenye shingo kwa sekunde chache; kodi inatakiwa iendelee kulia.

Baada ya hapo ongeza vidole vingine vitatu. Freti ya 5 ikilia safi kwa siku kadhaa, shuka freti ya 4, kisha ya 3, hadi ya 1. Fanya dakika mbili tatu kwa siku, si zaidi mwanzoni. Huku ukisubiri, piga F ndogo ya nyuzi nne za chini, ambayo kidole cha 1 hulalia nyuzi ya 1 na ya 2 pekee.

Hatua ya 6: kugonga, kuchomoa, kuteleza, kupinda

Mbinu hizi huunganisha noti bila kudonoa kila moja. Zote zizoezwe uzi wa 3, kati ya freti ya 5 na ya 7.

Kugonga: kidole cha 1 freti ya 5, donoa, kisha shusha kidole cha 3 kwa ghafla kwenye freti ya 7, nyuma tu ya freti. Sauti hutokana na wepesi wa kidole na usahihi wa mahali, nguvu huchangia kidogo. Noti ya pili ikiwa dhaifu, kidole kimetua katikati ya nafasi.

Kuchomoa ni kinyume chake. Vidole vyote viwili viwe vimeshakandamiza kabla. Kidole cha 3 kisinyanyuke wima. Kivute uzi kidogo kuelekea sakafuni kinapoondoka, ndipo uzi utalia upya. Kidole cha 1 kishikilie imara, la sivyo uzi mzima utahama na noti itapanda.

Kuteleza kunataka nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, na macho yatazame freti unayoelekea, yaiache ile unayotoka.

Kupinda uzi ndiyo mbinu inayodai sikio. Uzi wa 3 freti ya 7 ni D. Piga kwanza freti ya 9, ambayo ni E, uiweke masikioni. Rudi freti ya 7 kwa kidole cha 3, vidole 2 na 1 vikiwa nyuma yake kwenye uzi huohuo vikisaidia kusukuma, gumba likipanda juu ya shingo. Sukuma uzi kuelekea juu kwa kuzungusha kifundo cha mkono, mpaka usikie E ileile. Wanaopinda kwa misuli ya vidole peke yake huishia chini ya noti, na noti isiyofika inasikika kama gitaa lisilotyuniwa. Ncha ya kidole cha 1 iguse uzi wa 4 ulio juu yake ili usivume. Nyuzi za nailoni hazipindiki kiasi hicho. Kwa gitaa hilo zoeza nusu toni (umbali wa freti moja).

Kugawa muda na kulinda mikono

Nusu saa kila siku inazaa zaidi ya saa tatu za mara moja kwa wiki. Dakika 4 za zoezi la vidole vinne, 8 za mbinu moja tu, 8 za kubadilisha kodi mbili zinazokusumbua, 10 za wimbo. Mwendo wa metronomu upandishwe mapigo 4 baada ya kupiga safi mara tatu mfululizo. Ukikosea mara mbili, shusha 8. Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki, kwa sababu mtu anayepiga hasikii vizuri pale anapokimbia.

Ncha za vidole zitauma wiki mbili hadi nne za mwanzo, kisha ngozi itakuwa ngumu. Usipige mara baada ya kufua au kuoga, ngozi ikiwa imelainika, subiri ikauke. Maumivu ya kifundo cha mkono, ya kiwiko, au ganzi vidoleni ni jambo jingine kabisa. Acha siku hiyohiyo, na ukirudi angalia kama kifundo kimekunjwa sana au gumba linabana. Ganzi ikirudi hata baada ya kupumzika siku kadhaa, mwone daktari kabla ya kushika gitaa tena.